Vivuli vya Herufi Zangu

Danford Simwinga,
Fundi Mabango,
Mpemba, kando ya njia kuu iendayo Tunduma.

14 Oktoba, 1975.

Kwa Ndugu Raphaeli,
Katibu Kata.

YAHUSU: KUFUTWA KWA VIVULI, MIALE, MOTO, MATONE NA MNG'ARO KATIKA HERUFI ZANGU

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mguu wa meza yako umekwisha kugongwa msumari. Mimi ni mzima wa mwili. Kwa upande wa kazi siwezi kusema hivyo, na ndiyo maana nimeketi, nikachukua karatasi ya mistari, na kukuandikia kwa utulivu kama ulivyoniasa siku ile nilipoipiga meza yenyewe. Kuhusu meza narudia kuomba radhi. Sikujua kama ni dhaifu kiasi kile.

Tarehe mbili mwezi huu ulitoa agizo kwamba mabango yote niliyoyachora hapa kijijini yafutwe na kuandikwa upya "kwa herufi za kawaida, rangi moja, bila mapambo." Kazi hiyo hukunipa mimi. Ulimpa Mwalimu Nesta wa kisomo cha watu wazima, ambaye maishani mwake hajashika brashi isipokuwa ya kupaka chokaa, na kwa kweli aliitumia hiyo hiyo ya chokaa. Sasa kila nikipita njia panda nalikuta neno KISOMO limesimama pale, jeusi juu ya nyeupe, halina chochote nyuma yake wala mbele yake, kama mtu aliyetolewa bafuni kabla hajapewa nguo. Nageuza uso.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa haki, nakuletea malalamiko yangu kwa namba, ili usipotee njiani.

1. Kwanza, nadhani ofisi ilisahau ni nani inayemfuta. Mimi nilikaa Ndola, ng'ambo ya mpaka, miaka minne, nikiosha makopo ya rangi na hatimaye kushika brashi kwa fundi mmoja mkubwa aliyechora mabango ya sinema. Huko ndiko nilikojifunza mambo matano ambayo kwetu yalikuwa hayajafika: kivuli nyuma ya herufi, ili ionekane imesimama; mng'aro, yaani kitone cheupe begani mwa herufi, kama kwamba imepakwa mafuta; miale ya jua; ndimi za moto; na matone, yaani herufi inayochuruzika. Siku ya kuagana fundi yule alinishika bega akaniambia, "Danford, moja kwa bango moja. Tena si kila bango." Nilidhani ni choyo. Nilidhani anaogopa nitamshinda.

Niliporudi nyumbani nikatazama mabango ya huku, kuanzia mpakani Tunduma mpaka hapa kwetu. Yalikuwa yanasomeka. Hakuna kingine yalichokuwa yanafanya. Nikasikitika sana, nikaanza kazi, na sikulibagua bango lolote: kila moja nililipa yote matano.

2. Pili, nalalamika juu ya ushahidi wa Ndugu Othmani. Othmani, kama ujuavyo, ndiye mwenye hoteli ya chai pale yanaposimama malori. Aliniomba nimwandikie HOTELI YA OTHMANI, CHAI MOTO. Ndugu Katibu, neno lenyewe ni MOTO. Nifanye nini? Niliwasha moto. Ulianzia chini mwekundu, ukapanda ukawa wa machungwa, ukaishia manjano kwenye paa, na neno CHAI likawa katikati, linaonekana kwa mtu mwenye subira.

Siku ya tatu Othmani alinifuata nyumbani akiwa na aproni yake. "Fundi Danford," akasema, "leo tangu asubuhi wamekuja madereva watatu na madebe yao. Wa mwisho ni mtu wa ng'ambo, kanisalimia vizuri kwa lugha ya kwao, mwapoleni mukwai, kisha kaniuliza dizeli iko upande gani. Mimi nina chai, nina maandazi, nina mchuzi wa nyama. Dizeli sina. Ubao wangu unasema nini? Maana hata mimi mwenyewe nikiutazama naona banda langu linaungua."

Nilimweleza kwamba madereva wale hawana elimu ya sanaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu mwenye adabu. Kisha akarudi kwake akautundikia ubao gunia, sehemu ya moto ikafichika, na jioni hiyo hoteli ikajaa. Katika ule mkutano ulioitisha juu ya mabango yangu aliulizwa akayasema haya yote, na akaongeza habari ya gunia bila kuombwa. Nauliza: ni haki mteja kuruhusiwa kusema ukweli juu ya bango lake mbele ya fundi aliyelichora?

3. Tatu, habari ya mbuzi. Najua inasimuliwa kote, na nimeisikia ikisimuliwa mpaka Mbebe, huko mlimani, ambako mbuzi amekwisha kuwa ng'ombe. Naomba ieleweke kama ilivyokuwa.

Neno ZAHANATI niliandika kwa rangi nyekundu, rangi ya tiba, na chini ya kila herufi nikaweka matone. Nilikusudia matone ya dawa. Mzee mmoja aliyetoka Ndalambo alifika pale na mbuzi kwenye kamba, akamkuta Ndugu Mika, mganga msaidizi, akamwuliza mnachinja saa ngapi. Mika akamwambia, "Mzee wangu, hapa hatuchinji. Hapa tunatibu." Mzee akanyoosha fimbo yake juu kwenye bango. "Mbona mmeandika?"

Sasa nakuomba ufikiri, Ndugu Katibu. Mzee yule hajui kusoma hata herufi moja, lakini bango langu alilielewa papo hapo. Je, shabaha ya kisomo siyo kila mwananchi aelewe maandishi? Mimi nilifika kwa siku moja mahali ambapo Mwalimu Nesta anafika kwa mwaka. Kwamba alichokielewa hakikuwa kilichoandikwa, hilo ni jambo dogo la kurekebisha.

Ndugu Mika pia amedai kwamba siku ya kupima watoto akina mama kadhaa walifika kwenye kona, wakaliona bango, wakageuka na watoto wao mgongoni. Hili nalikubali, lakini nusu tu. Nusu nyingine nadhani walisahau kitu nyumbani.

4. Nne, upande wa jua. Mwalimu Nesta alisimama mkutanoni akasema kwamba katika bango la njia panda, vivuli vya mstari wa juu vinaangukia kushoto na vya mstari wa chini vinaangukia kulia, akaniuliza, "Kaka Danford, kwenye ubao huu jua liko wapi?" Watu wakacheka. Ulicheka na wewe, nilikuona, ulijifuta kwa leso.

Jibu langu ni rahisi na sikupewa nafasi ya kulitoa. Mstari wa juu niliuchora asubuhi. Kisha nikaenda kula. Mstari wa chini niliuchora alasiri. Vivuli vimefuata jua. Kama uaminifu kwa maumbile ni kosa, basi niambiwe kwa maandishi.

5. Sasa nafika kwenye lalamiko lililonifanya niipige meza. Linamhusu mama yangu mzazi, Tabita Nakamba, ambaye unamfahamu kwa sababu katika kila mkutano wako huketi mstari wa mbele na kusinzia kwa heshima.

Mama yangu hakusoma utotoni. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mumewe, baba yangu, na katika hayo yote hakuijua hata herufi moja. Nilipoanza kuchora, watu walimwambia njiani, "Mama Danford, ile kule ni kazi ya mwanao," naye akawa anatingisha kichwa na kujibu, "Nimeiona." Kuiona aliiona. Kisomo kilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kujiandikisha, kwa dole gumba. Mwalimu Nesta aliwauliza wote kwa nini wanataka kusoma. Wengine walisema wasome Biblia, wengine barua za watoto wao walioko migodini. Mama alisema, "Nataka kujua mwanangu anasema nini kule ukutani." Mimi sikuambiwa habari hii wakati ule. Niliisikia mkutanoni, mbele ya watu wote, nikiwa nimeshika kofia yangu.

Alisoma mwaka mzima na miezi. Alikuwa akirudi na chaki kwenye vidole, anasoma kila kitu: mfuko wa mbegu, kiberiti, mkebe wa chumvi. Bango langu hakuwa amelisoma hata moja, kwa sababu alijiwekea mwenyewe kwamba atasubiri mpaka awe hasiti hasiti. Ndipo ulipoagiza lile la njia panda. KISOMO CHA WATU WAZIMA. JUMATATU NA ALHAMISI. SAA TISA. Kwa kuwa nilijua wageni wa wilaya watapita pale, sikujibana. Kila herufi ilipata yote matano. Kivuli chenyewe nilikifanya kinene kama herufi, na cheusi kuliko herufi.

Alhamisi ya kwanza Mama aliondoka mapema, amevaa kitenge chake cha kanisani, na hakumwambia mtu anakokwenda. Yaliyotokea nimeyapata kwa Elizabeti, yule mama auzaye ndizi njia panda. Anasema Mama alisimama chini ya bango, akainua kidole, akaanza kwa sauti: "Ka. Ka. I. I. Sa. Sa." Kila herufi aliikuta mara mbili, na kwa kuwa alifundishwa asiruke herufi, alizisoma zote mbili. Akafika mwisho wa neno. Akajifuta macho kwa upindo wa kitenge, akaanza tena. Elizabeti anasema alianza mara nne. Kisha akageuka kurudi nyumbani, na darasa lilikuwa hatua chache tu mbele yake.

Mimi nilikuwa uani naosha brashi. Mama akaliweka daftari lake juu ya kinu akasema, "Danford, baba, nimesahau."

Nikadhani amesahau chumvi. "Umesahau nini, Mama?"

"Kusoma. Nimesimama pale kwenye ubao wako. Hakuna hata neno moja lililonijia. Vyote vimetoka."

Ndugu Katibu, hapo ndipo nilipopaswa kusema jambo fulani, na jambo lenyewe nilikuwa nalijua. Asubuhi ile ile dereva mmoja alikuwa amesimamisha lori lake zima kuniuliza kama pale pameandikwa KISIMA, maana alitaka maji. Lakini nilikuwa nimeshika brashi yangu, na rangi ilikuwa bado haijatoka, nikamwambia, "Ni macho, Mama. Ni umri."

Sijui kwa nini nimeiandika sentensi hiyo katika barua ya malalamiko. Nilitaka kuikata, lakini karatasi ingechafuka.

Hakubisha. Aliniamini, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Wiki tatu hakwenda kisomo. Lile daftari alilitumia kufunikia sufuria ya maziwa. Jumatatu na Alhamisi, saa tisa ikikaribia, alikuwa akijitafutia kazi nyuma ya nyumba, anafagia mahali alipokwisha kufagia, ili asiwaone wenzake wakipita na vibao vyao. Kiberiti kikiwa mezani alikigeuza maandishi yatazame chini. Hili nililiona, nikatoka kwenda kuchanganya rangi.

Wiki ya nne Mwalimu Nesta akaja nyumbani. Hakuketi kwenye kiti nilichompa. Alichuchumaa uani mbele ya Mama, akaokota kijiti, akaandika mchangani: TABITA.

"Mama, hapa nimeandika nini?"

"Tabita," Mama akasema. "Ni mimi."

Akafuta kwa kiganja, akaandika: NJOO DARASANI. Mama akasoma, polepole, lakini akasoma. Akaweka mkono mdomoni.

"Sasa, Mama, ulichosahau ni kipi?"

Mama akamshika mkono akampeleka njia panda. Mimi niliwafuata kwa mbali, kama mwenye mbwa aliyeuma mtu. Mwalimu Nesta akasimama chini ya bango, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, akarudi nyuma hatua mbili, karibu agongane na ndizi za Elizabeti. Kisha akasema, na alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesahihisha daftari, "Mama, hata mimi niliyemaliza darasa la saba nimeirudia mara mbili. Hujasahau kitu. Kosa si lako. Ni la ubao."

Mama hakulitazama bango. Alinitazama mimi. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, na kipande cha nyama kilikuwa kile kile kikubwa anachonipa siku zote. Nilishindwa kukila.

Kwa hiyo lalamiko langu katika namba hii, Ndugu Katibu, ni kwamba Mwalimu Nesta aliingilia mambo ya familia.

6. Sita, namna mkutano ulivyoendeshwa. Nilitegemea nitashtakiwa kwa hasira, nijibu kwa hasira. Badala yake Mwalimu Nesta alisimama akaeleza kwa upole kwamba wanafunzi wake hawazidi thelathini, kwamba wamejifunza herufi kwa jasho, wengine wakiwa na watoto mapajani, na kwamba mtu aliyeanza kusoma jana anahitaji herufi moja iwe moja. "Kaka Danford ana mkono mzuri kuliko wote hapa," akasema. "Herufi zake za ndani, ukiondoa yaliyozizunguka, ni nzuri sana. Tatizo hatuzioni." Hapo ndipo nilipoipiga meza. Ningeweza kuvumilia kutukanwa.

7. Saba, na hili ni fupi kwa sababu linaniuma. Tangu Mwalimu Nesta aandike bango lake la chokaa, darasa limepata watu kumi na wawili wapya. Ndugu Mika anapima watoto mpaka mizani imepata joto. Othmani ameomba na yeye aandikiwe kwa mtindo huo huo. Madereva hawasimamishi tena malori kuniuliza kitu, na nilikuwa nimezoea kuzungumza nao. Na mama yangu, kila apitapo njia panda, akienda kisimani, akirudi kisimani, akienda kanisani, husimama na kulisoma bango lote kwa sauti kubwa, mpaka SAA TISA, kisha hutazama huku na huku kuona ni nani aliyemsikia. Analisoma kama kwamba ni habari mpya. Mimi niko ndani ya nyumba namsikia. Hajawahi kulisoma langu hivyo.

Baada ya kueleza hayo, naleta maombi yafuatayo, kwa mpangilio wa uzito.

(a) Naomba agizo litenguliwe na vivuli virudishwe.

(b) Ikishindikana, naomba kisomo kiongezwe mwaka mmoja, ambamo wananchi watafundishwa kusoma herufi zenye kivuli, na mwaka wa pili zenye moto. Matone yaweza kuachwa kwa wale watakaoendelea mbele.

(c) Ikishindikana hilo pia, basi agizo lifuatwe na watu wote kwa usawa. Kama herufi hairuhusiwi kuwa na kivuli, hakuna sababu mlingoti wa bendera uwe nacho, wala ng'ombe wa kijiji, wala viongozi. Ijumaa iliyopita nilikuona wewe mwenyewe, Ndugu Katibu, ukivuka uwanja wa ofisi jioni, una kivuli kirefu kuliko chochote nilichowahi kuchora, na hakuna aliyekuandikia barua. Naomba ukifute, au uwe unatembea saa sita mchana tu.

(d) Na kama yote hayo hayawezekani, naomba basi ofisi imshauri mama yangu, kwa lugha nzuri, awe analisoma bango la Mwalimu Nesta kimoyomoyo.

Nimefika mwisho wa karatasi, na naona maneno yamenitoka mengi kuliko nilivyokusudia. Sina ugomvi na mtu. Ni fundi tu aliyefutwa.

Nakuachia kalamu yangu hapa, nikitumaini utaichukua yako.

Wako katika ujenzi wa kijiji,
Danford Simwinga,
Fundi Mabango (Mstaafu kwa Nguvu).

Msalimie Mama wa nyumbani kwako, na mwambie yale maharage aliyotuletea yalipikika vizuri. Msalimie karani wako. Msalimie Ndugu Mika na wote wa zahanati, Othmani na wote walioko hotelini, na Elizabeti ukipita kwake. Mwalimu Nesta msalimie pia, lakini salamu ya kawaida, usiipambe.

N.B. Barua hii ilikwisha, nikaikunja, nikaiacha mezani nikaenda kwa Othmani kutafuta bahasha. Niliporudi nilimkuta Mama ameketi mlangoni penye mwanga. Alikuwa ameifungua, na kidole chake kiko mstari wa tatu.

Nilitaka kumnyang'anya. Aliinua mkono wa kushoto kunizuia, bila kuacha kusoma kwa ule wa kulia. Nikaketi kwenye kizingiti. Alisoma tangu saa nne asubuhi mpaka wakati wa kuwasha moto wa mchana, na kesho yake akaendelea alipoishia. Alicheka kwenye habari ya madebe. Alicheka kwenye mbuzi mpaka akakohoa. Alipofika namba 5 aliacha kucheka, akasogeza karatasi karibu. Ile sentensi niliyosema sikuikata aliisoma mara mbili, ingawa haikuwa na kivuli.

Kisha akaikunja, akaiweka mapajani, akaifunika kwa viganja vyote viwili. Nilisubiri anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka arobaini yote ya mama na mtoto.

"Umeandika vizuri, baba," akasema. "Nimeisoma yote. Hakuna neno lililonishinda. Lakini mbona hii hukuiwekea vivuli?"

Nikamjibu haraka, kabla sijafikiri. "Hii, Mama, nilitaka Katibu aielewe."

Akanitazama. Nilisikia mwenyewe nilichokisema, kikakaa pale kati yetu, na hapo nikamwomba radhi, kwa ile habari ya macho na kwa ile ya umri. Akasema macho yake hayana neno, lakini umri ni kweli, na nimletee kuni.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, naomba namba 1 mpaka 7 zisishughulikiwe, wala (a) mpaka (d). Soma salamu tu. Ningekuandikia nyingine fupi, lakini Mama hataki hii ichanwe. Anasema ndiyo barua ya kwanza aliyoisoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza, tafadhali mrudishie.